Makumbusho na kumbi za gemu Tokyo: nilivyojipanga

Ratiba ya Tokyo huwa naanza kuipanga na tiketi ngumu kuliko zote, ya Ghibli Museum, makumbusho ya studio ya filamu za katuni ya Ghibli, kule Mitaka. Mlangoni hawauzi kabisa. Tiketi za mwezi unaofuata hutolewa mtandaoni kila tarehe 10, saa nne asubuhi ya Japani, ambayo kwa aliye Nairobi au Dar es Salaam ni saa kumi alfajiri. Ukiamka saa moja, wikendi zote zimeshakwenda. Bei ni yen 1,000 kwa mtu mzima. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, maana mlangoni hulilinganisha, na tiketi uliyouziwa na mtu wa kando inaweza kukuacha nje. Ndani hairuhusiwi kupiga picha. Ukitaka picha, panda juu ya paa kwenye sanamu ya roboti.

Miraikan, makumbusho ya sayansi yaliyoko eneo la Odaiba, hayana presha hiyo: kiingilio cha kawaida ni yen 630, na tufe la Dunia la kipenyo cha mita 6 linaloning'inia ukumbini peke yake linatosha nauli. Ila kumbuka kwamba yote mawili kwa kawaida hufungwa Jumanne. Kwa hiyo Jumanne mimi huipa Akihabara, mtaa wa elektroniki na katuni, kwenye kumbi za gemu.

Ukishaingia, tafuta kwanza mashine ya kuchenji. Mashine nyingi za michezo hutaka sarafu za yen 100, na ya kuchenji hupokea noti ya yen 1,000. Usichenji zaidi ya kiwango ulichojiwekea, kwa sababu sarafu zikiwa mkononi hutazihesabu tena.

Pesa nyingi huliwa na mashine za makucha, zile za kunyakua zawadi kwa mkono wa chuma. Vitufe ni viwili: cha kwanza hupeleka mkono pembeni, cha pili huupeleka nyuma. Ukiachia kitufe mkono umesimama hapo hapo, haurudi. Mtindo wa kawaida kwa masanduku ya vinyago (sanamu ndogo za wahusika wa katuni) ni sanduku kulazwa juu ya fito mbili, mara nyingi zimevikwa mpira ili lisiteleze. Wageni wengi hulenga katikati, wakitaka kulinyanyua. Makucha yamelegezwa makusudi, kwa hiyo sanduku hupanda kidogo, huponyoka, na kurudi karibu palepale. Lenga kona: ukucha mmoja ubebe ukingo wa mbele, sanduku ligeuke, mchezo unaofuata fanya hivyo nyuma. Hatua kwa hatua linakaa mshazari, kisha upande mmoja unazama kati ya fito. Hapo shusha makucha yasukume kwa juu upande uliobaki.

Mashine za kucha tatu ziepuke. Nyingi zimepangwa zikaze kucha baada ya kumeza kiasi fulani cha pesa, na ustadi wako hausaidii sana. Kwenye zile za kucha mbili, sanduku likikwama, mwite mfanyakazi: "Sumimasen" (samahani), kisha onyesha kwa kidole. Hulirudisha mahali pazuri bila kinyongo. Mashine nyingi hutoa michezo 6 kwa yen 500, lakini pesa yote iingie kabla hujaanza kucheza.

Kabla ya yote, pita kwenye maduka ya mitumba ya Akihabara uangalie bei ya kinyago hicho hicho. Kikiuzwa yen 1,500, hicho ndicho kikomo chako kwenye mashine.

Ukichoka makucha, kuna Taiko no Tatsujin, gemu ya kupiga ngoma kufuata wimbo na alama zinazopita kwenye skrini. Alama nyekundu ni katikati ya ngozi, ya buluu ni ukingoni. Alama kubwa hupigwa kwa fimbo zote mbili pamoja. Sisi tuliokulia kwenye ngoma huwa tunaitwanga. Haina haja: kitambuzi kinasikia pigo jepesi, na kiganja hakichoki kabla ya wimbo wa pili.

Mwenye watoto azingatie saa. Kwa kanuni za Tokyo, aliye chini ya miaka 16 hutoka ukumbini saa kumi na mbili jioni kama hana mlezi. Akiwa na mlezi mwisho wake ni saa nne usiku, saa ambayo pia humhusu kila aliye chini ya miaka 18.

Mfuko wa kubebea zawadi huupata bure ukumbini. Makabati ya sarafu ya kuhifadhia mizigo pale stesheni, yale madogo, hayapokei sanduku kubwa la kinyago, kwa hiyo nenda Akihabara ukiwa tayari umeacha begi hotelini.