Sanduku la mdogo wangu: lilipofikia

Mbao zimekauka, pembe zimeshikana, na leo nimemaliza kupiga msasa upande wa nje. Naandika sasa kabla masika hayajakolea, maana mvua za huku Kibosho zikishika kasi, vanishi haikauki vizuri na itabidi nisubiri.

Kwa wale ambao hawakufuatilia tangu mwanzo: natengeneza sanduku la kumbukumbu za mdogo wangu, kwa ajili ya binti yake ambaye bado hajaanza shule. Mdogo wangu alifariki mwishoni mwa mwaka jana, kijana kabisa, baba wa mtoto mmoja. Enzi za chuo alikuwa mkimbiaji wa mita 1500 na 5000. Siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa kama wasifu wowote wa marehemu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alifunga ndoa, ameacha mjane na mtoto. Riadha ilipata sentensi moja. Simlaumu aliyeuandika, msiba una ratiba yake. Ila mtoto akikua na karatasi ile peke yake, atamjua marehemu, hatamjua baba yake.

Mbao ni za mringaringa ulioangushwa kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, zamani baba alipokuwa anajenga banda la ng'ombe. Zilibaki darini miaka yote hiyo, kwa hiyo hazina tena maji ya kuzipinda. Sanduku lina urefu wa sentimita 60, upana 40, na kina cha kutosha viatu kulala ubavu kwa ubavu. Pembe nimezifunga kwa meno yanayopishana na gundi, sikutumia msumari hata mmoja, kwa kuwa kutu ndiyo adui niliyeikuta kwenye vitu vyake vingine. Namba zake za kifuani za Kilimanjaro Marathon, kwa mfano, alizihifadhi zote zikiwa bado na pini. Kila pini imeacha alama ya kahawia. Nimezitoa moja moja, nimezifuta vumbi kwa brashi laini, kisha nimezilaza katikati ya karatasi nyeupe ngumu chini ya vitabu vizito. Alama za kutu nimeziacha. Ni za kwake.

Viatu vya misumari ni vile alivyonunua kwenye mitumba ya Kiboriloni kwa hela ya matumizi ya chuo, jambo ambalo mama hakuambiwa mpaka vilipoanza kuleta medali. Nimevijaza karatasi visinyauke, na ndani yake nimetia vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Mwenye kufanya kazi kama hii huku mlimani asivitupe.

Sasa daftari. Hili ndilo lililonichelewesha, kwa sababu kila nilipolifungua ili nilipige picha, nililisoma.

Ni daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kwenye kurasa za miaka ya chuo ni namba tupu: mizunguko, dakika, sekunde, mapigo ya moyo asubuhi. Pengine neno moja pembeni, “mzito” au “upepo”. Halafu anamaliza chuo, anapata kazi, anaoa, na mazoezi yanapungua hadi kilomita chache za alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mtu angetarajia daftari life hapo. Halikufa, lilibadilika. Tangu binti yake azaliwe anaandika hivi: “Sikukimbia. Mtoto ana homa.” Ukurasa wa mbele: “Km 6. Nimerudi ameamka, amecheka.” Halafu: “Sikukimbia. Meno.” Kisha siku fulani, kwa wino mwekundu ambao zamani aliutumia kwa muda wake bora tu: “Hatua nne bila kushikwa, kutoka kwenye kochi mpaka kwangu.”

Alimpimia mwanawe muda. Imeandikwa pale, na sekunde zake.

Kuna pia ukurasa wa tarehe 15 Septemba 2025. Amekesha akifuatilia mbio za marathoni za mashindano ya dunia, Tokyo, na chini ya tarehe ameandika “SIMBU 2:09:48” kwa herufi kubwa zilizopasua karatasi. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Chini yake, kwa mwandiko mdogo: “Nimepiga kelele, mtoto akaamka, nikambeba mpaka kukapambazuka.” Kurasa hizi zitakaa juu kabisa ya sanduku. Medali zitakaa chini.

Sauti pia zinaendelea. Mwalimu aliyemfundisha riadha chuoni alinikaribisha kwake Shanty Town, nikaweka simu mezani naye akazungumza mpaka chai ikapoa. Anasema mdogo wangu alikuwa mbishi. Mwalimu alikuwa amemsimulia habari za Mtanzania Filbert Bayi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, jinsi alivyoongoza mita 1500 tangu bunduki ilipolia mpaka utepe, dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza bila kumpata. Kuanzia siku hiyo kijana hakutaka tena kukaa nyuma ya mtu. Aliondoka kama Bayi, na mara nyingi alikamatwa kwenye mita 200 za mwisho. Mwalimu akamshauri atulie, akajibiwa, “Mwalimu, nikikaa nyuma sijui nakimbia ya nani.”

Shemeji aliposikiliza rekodi hiyo alishangaa. Mume anayemjua yeye hakuwahi kubishana na mtu nyumbani, hata kuhusu chumvi. Nimeziweka sauti zote mbili, ya Mwalimu na ya shemeji, bila kukata kitu. Binti atakutana na wote wawili, mbishi wa uwanjani na mpole wa nyumbani, aamue mwenyewe anafanana na yupi.

Ndani ya mfuniko nachora njia ya Kilimanjaro Marathon kwa msumari uliopashwa moto: kutoka Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi mjini, chini barabara ya Dar es Salaam na kurudi, halafu kile kipande kirefu cha kupanda kuelekea Mweka, ambacho baba yake alikipenda kuliko tambarare yote. Najaribia kwanza kwenye kipande cha ubao. Mkono bado unatetemeka kwenye kona, na msumari ukipoa kidogo mstari unakatika.

Tulipishana jambo moja tu, na shemeji ndiye aliyeshinda. Mimi nilinunua komeo zuri la shaba, nikiwaza sanduku lifungwe mpaka mtoto atimize miaka kumi na minane. Shemeji aliliangalia akasema, “Ukilifunga, shemeji, litakuwa la kwako. Yeye anamuulizia baba yake sasa hivi.” Kwa hiyo komeo limerudi dukani. Badala yake natia kamba ya ngozi ya kuzuia mfuniko usimwangukie vidoleni, na zile kurasa za daftari nazichapa nakala ili azishike anavyotaka, hata kwa mikono yenye uji.

Bado sijarekodi sauti ya mama. Ameniambia tusubiri mpaka tuvune kahawa, tuzungumze tukiwa tunachuma. Aliyekimbia na mdogo wangu UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, au michezo ya vyuo, na ana picha, hata iliyofifia, aniletee nami nitaipiga picha na kumrudishia papo hapo. Jumamosi nakwenda Moshi mjini kununua bawaba.