Siku Tuliyogawana Jeshi la Mwalimu

Mwalimu alitupigia simu mmoja mmoja, sote wanne, na maneno yalikuwa yale yale: njoo Jumamosi asubuhi, na uje na jibu. Nikikupa askari wangu, utawafanya nini?

Hakuwahi kusomesha shule yoyote. Tulimwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyetufundisha kushika brashi nyembamba, kuzimua rangi ya akriliki, na kupaka macho ya kijisanamu cha askari mwenye urefu wa milimita 28 bila kumfanya aonekane kama aliyekutana na jini. Sasa macho yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yamemwacha. Katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa, na daktari hakumficha kwamba doa hilo halitaondoka. Alikuwa anahamia kwa binti yake, kwenye chumba chenye nafasi ya rafu moja.

Swali lake si geni kwa mtu anayepaka vijisanamu. Kila mgeni akiiona meza yako huuliza: ukishamaliza, unavifanyia nini? Wengi wetu hucheka na kubadilisha mazungumzo, maana utamu wenyewe uko kwenye kupaka. Mkono wa mwisho wa vanishi ukishakauka, kijisanamu kinatoka kwenye raha na kuingia kwenye hesabu ya nafasi. Nawajua watu waliokesha kwa ajili ya mpanda farasi mmoja, wakamtia kabatini, wasimtazame tena.

Alituketisha akaanza na kaka yetu mpenda mashindano. Huyu alisema atawaweka kwenye kabati la vioo lenye taa, na walio bora atawapeleka mbele ya majaji.

"Taa gani?" Mwalimu akauliza.

"Za LED, Mwalimu."

"Sawa. Dirisha liwe mbali. Jua likiwafikia, baadhi ya rangi nyekundu zitaanza kupauka kabla hujagundua."

Dada aliyefuata alitaka kuwatengenezea diorama, uwanja wa vita mzima wenye matope, nyasi na ukuta uliobomoka. Akatoa mfano wa William Siborne, afisa wa jeshi la Uingereza aliyeujenga uwanja wa vita vya Waterloo vya 1815 kwa vijisanamu zaidi ya 70,000 na kuionyesha London mwaka 1838. Kazi ile bado ipo, kwenye makumbusho ya taifa ya jeshi la huko.

"Na alipata faida?"

"Alipata madeni, Mwalimu."

"Basi umeshaelewa unachokiomba," akasema, akacheka peke yake.

Wa tatu hakuzunguka. "Mimi nitauza." Chumba kikanyamaza. Binafsi nilimheshimu kwa kusema wazi, kwa sababu kuuza ndiko kunakofanyika kuliko tunavyokubali, na si kazi nyepesi. Kijisanamu kilichopakwa ni nadra kurudisha thamani ya saa kilizokula. Anayetaka kucheza hutafuta kikosi kizima kilichopakwa na mtu mmoja, chenye rangi zinazoshabihiana. Mkusanyaji huuliza kwanza kiwanda na mwaka, na kama ni mwanasesere wa zamani uliyempaka upya, bei inashuka badala ya kupanda. Mwalimu alimuuliza swali moja tu, kama atawatenganisha ndugu wa kikosi kimoja. Akajibu hapana.

Mimi nilisema nitacheza nao. Vita vya mezani, vya kupima mwendo kwa futi na kurusha kete. Kaka wa mashindano akaguna: "Utawachubua." Nikamkumbusha kwamba mwandishi Mwingereza H. G. Wells alipochapisha kanuni zake za vita vya sakafuni mwaka 1913, askari wa kuchezea walikuwa wakiangushwa kwa mizinga midogo ya springi, na hakuna aliyelia. Mwalimu hakusema lolote. Alinyoosha kidole kwenye kabati.

Kabati lile lilikuwa fahari ya nyumba. Mbao za mwaloni, milango ya vioo iliyofunga barabara hata vumbi lisipenye. Humo ndimo alimowaweka askari wake wa milimita 54, wa madini ya risasi, wale wa zamani kabisa ambao hakuwahi kuturuhusu kuwagusa. Dada akafungua mlango. Kwanza ikaja harufu kali, kama ya siki. Kisha tukaona weupe.

"Ni vanishi tu," akasema haraka. "Imepata ukungu." Ingewezekana. Vanishi isiyong'aa ya kupuliza, ukiipuliza siku yenye unyevu, hukauka na utando mweupe, na mara nyingi mkono mmoja wa vanishi inayong'aa hurudisha rangi. Sote tuliomba iwe hivyo.

Nikamchukua mmoja, mpiga ngoma mwenye koti la buluu, nikamweka chini ya taa ya lenzi. Weupe haukuwa juu ya rangi. Ulikuwa unatoka chini yake. Kwenye mshono wa bega rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, na ndani ya ufa kulikuwa na unga mkavu, laini, kama risasi ilikuwa ikisagika yenyewe. Nilipomgeuza, kitako ambacho hakikupakwa rangi kilikuwa kimeliwa hadi alama za kiwanda hazisomeki. Mkono ulioshika kijiti cha ngoma ulibaki kwenye kiganja changu.

Mwenzetu muuzaji akainama apulize ule unga. "Usipulize!" nilimpigia kelele. Ule ni kaboneti ya risasi, ni sumu, na mtu hapaswi kuuvuta puani wala kuushika mkono mtupu. Tukatafuta glavu na barakoa.

Adui alikuwa kabati lenyewe. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Chumbani mvuke huo hupotea. Ndani ya kabati lililozibwa hujikusanya. Asidi huiuma risasi, kisha hewa ukaa na unyevu huigeuza risasi ile iliyoumwa kuwa unga, na asidi huachiwa huru ikaume tena. Rangi haizuii, kwa kuwa uharibifu huanzia pale brashi isipofika. Ndiyo maana wanaotunza makumbusho huogopa mbao za aina hiyo karibu na risasi, na ndiyo maana leo watu huchagua kioo na chuma. Vijisanamu vya sasa vina nafuu: tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vilihamia kwenye aloi za bati zisizo na risasi, na vya plastiki na resini havina ugonjwa huu kabisa.

Tatizo lilikuwa kumwambia. Mwalimu alikuwa akitusikia tunavyonong'ona. "Semeni, wanangu. Wamepauka?"

Dada ndiye aliyemwambia. Hakupamba, hakuficha. Mwalimu akanyoosha mkono, naye akamvalisha glavu kabla ya kumpa mpiga ngoma. Akampapasa begani, akafika pale mkono ulipokuwa. Akauliza ni wangapi walioharibika. Tukamwambia wa rafu mbili za chini ni wabaya, wa juu wana nafuu. "Niliwafungia ili wasiguswe," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeudhika, si mwenye huzuni. "Nileteeni wale wa makopo."

Chini ya kitanda kulikuwa na makopo ya bati, ya askari ambao alizoea kuchezea nao na marafiki wa ujana wake. Aliyatengeneza mwenyewe: kila kijisanamu kilikuwa na sumaku ndogo chini ya kitako, kikasimama imara kwenye sakafu ya kopo bila kugongana na mwenzake. Hawa walikuwa wamepigwa, kusafirishwa, kuanguka mezani na kuokotwa. Ncha za mikuki zilikuwa zimechubuka, na kwenye kofia za wapanda farasi risasi ilichungulia pale vidole vilipozoea kushika. Lakini risasi yao ilikuwa nzima. Mwalimu alinieleza siri ya rangi yao: mikono miwili ya vanishi inayong'aa kwa ajili ya ugumu, kisha mmoja usiong'aa juu yake kwa ajili ya macho. "Na washike kitako," akasema. "Ukimshika kichwa, wewe si jemadari, ni mnyongaji."

Hao nilipewa mimi, karibu wote. Kaka wa mashindano akapata rafu ya juu, kwa masharti kwamba wasirudi kwenye mbao. Dada alijitolea kuchukua wagonjwa. Alijua kwamba sura iliyoliwa hairudi, ila alisema uwanja wa vita una majeruhi, na walioweza kusimama angewasafisha, kuwakausha na kuwaziba kwa vanishi mbali na wazima. Muuzaji akachukua kikosi cha plastiki kilichokamilika na sanduku la waliosimama wenyewe bila kikosi, akiwemo jemadari mmoja juu ya farasi mweupe ambaye Mwalimu alisema alimpaka kwa msimu mzima, manyoya ya farasi unywele kwa unywele.

Tulimwachia wa rafu yake moja. Aliwachagua kwa kupapasa, na hakuna hata mmoja aliyetoka kabatini.

Tangu hapo alikuwa akinipigia simu baada ya kila pambano. Hakuuliza kama wamechubuka. Aliuliza nani alishinda, na nikisema nimeshindwa, alitaka nimpangie vikosi vyote kwa mdomo, toka ubavu wa kushoto, kisha ananitukana kwa upole kwa namna nilivyowaweka wapiga mishale.

Muuzaji naye alipigiwa. Mwalimu alitaka kujua ni yupi aliyegombaniwa zaidi na wanunuzi. Ikawa ni nyumbu aliyebeba mapipa ya maji, ambaye alipakwa jioni moja tu ili kumaliza rangi ya kahawia iliyokuwa inakauka kwenye sahani.

"Na jemadari wangu?"

"Bado yupo, Mwalimu."

"Mshushie bei."