Kabla Hujalipia Kamera: DSLR ya Bei Nafuu au ya Bei Mbaya kwa Kazi za Dodoma

Ukienda kununua DSLR (kamera ya kioo yenye lenzi ya kubadilishwa), muuza kamera atakuuliza una shilingi ngapi. Sawa, lakini jiulize kwanza unapiga wapi na saa ngapi. Kwa mahafali ya asubuhi pale UDOM, Canon 2000D au Nikon D3500 inatosha kabisa. Zote zina megapikseli 24, na picha ikishasafishwa kwa ukubwa wa A4, mteja hataitofautisha na ya Canon 5D Mark IV.

Shida huanza jua likizama. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera hizi, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ile ya 50mm f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwa hiyo ukumbini, palepale ulipolazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 12800, unashuka hadi 1250 hivi na spidi ya kupiga inabaki 1/125 ya sekunde. Nunua lenzi hiyo kabla ya kuota bodi kubwa (bodi ni kamera yenyewe bila lenzi). Mwenye D3500 achukue toleo la AF-S, lenye mota yake ndani, kwa sababu bodi yake haina mota ya kufokasi na lenzi za zamani za AF-D utazifokasi kwa mkono. Picha za kundi bado utazipiga kwa 18-55. Kwenye bodi ndogo kama hizi 50mm inabana mno.

Flashi nayo ina mtego. Canon 2000D na 4000D hazina ile pini ya katikati pale juu inapochomekwa flashi, hivyo flashi nyingi za bei rahisi na triga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) hazitawaka. Jaribu palepale dukani, usikubali kuambiwa "zinaingiliana." Ukipata inayowaka, ielekeze kwenye dari nyeupe. Chini ya turubai la bluu usifanye hivyo: bibi harusi atatoka na uso wa bluu.

Sasa, bodi ghali inalipa wapi? Mimi naona sababu ya kwanza ni kadi mbili za kuhifadhia picha. 5D Mark IV hubeba CF na SD, Nikon D750 hubeba SD mbili. Kadi moja ikifa, ndoa ya watu imebaki kwenye nyingine. (Canon 6D Mark II ni fulu-fremu, yaani ina sensa kubwa ya kupokea picha, lakini ina nafasi moja tu ya kadi, kwa hiyo kwa harusi siipendekezi.) Halafu fokasi: 5D Mark IV ina pointi 61, 2000D ina 9. Sensa ya 5D Mark IV pia ina eneo zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 2000D, ndiyo maana ISO 6400 bado inauzika. Ila lenzi za EF-S (za Canon zenye sensa ndogo) hazikai kwenye bodi hiyo. Kama unapanga kupanda daraja, lenzi zako ziwe EF tangu mwanzo.

Na vumbi letu la kiangazi halichagui bei. 5D Mark IV hutikisa sensa ili kulikung'uta. 2000D na D3500 hazina kifaa hicho. Badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vimefungwa, kamera imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Madoa yakitokea, weka betri iliyojaa, fungua menyu ya kusafisha sensa ili kioo cha ndani ya kamera kinyanyuke, kisha puliza kwa pampu ya mpira. Betri ikiisha katikati, kioo kinaanguka. Usipulize kwa mdomo, mate yataganda kwenye sensa. Na upepo wa fundi matairi una maji na mafuta.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kadi yako mwenyewe. Piga anga kwa f/16, kuza picha, tafuta madoa meusi. Shata (pazia linalofunguka kila unapopiga) ya 5D Mark IV au D750 imepimwa kwa mipigo 150,000. Nikon huandika idadi ya mipigo iliyokwisha kupigwa ndani ya faili la JPEG. Kwa Canon mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yenye programu ya kuisoma, na akikataa, punguza bei au ondoka.