Baba hajagoma kufanya mazoezi, anaumwa

Tangu baba apate kiharusi, wageni wanaokuja kumjulia hali huuliza mkono umefikia wapi, halafu mguu, halafu presha. Mama huwajibu yote hayo kwa niaba yake. Leo naandika kuhusu sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, jambo ambalo kwa miezi mingi hakuna aliyeliuliza, si nyumbani wala hospitali, na ndilo lililotaka kutunyang'anya baba wakati kiharusi chenyewe kilishamwacha.

Baba ni fundi baiskeli, Ngamiani, Tanga. Anayeujua mji huu anajua kuwa baiskeli kwetu si mchezo wa watoto, wazee wanaipanda kwenda msikitini na wachuuzi wanapakia samaki nyuma. Sifa yake kubwa ilikuwa rimu zilizopinda. Anaipindua baiskeli juu chini, analizungusha gurudumu, anatazama linapoyumba, anakaza spoku hii na kulegeza ile mpaka gurudumu linapita katikati ya vidole vyake viwili bila kuvigusa. Kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mkono uliokuwa ukikaza spoku ndio uliolala.

Hospitali walimtoa na dawa za presha, aspirini, dawa ya kolesteroli na karatasi ya mazoezi. Wiki za mwanzo alijitahidi sana. Kijana wa mazoezi ya viungo alikuwa akija nyumbani, na baba alikuwa tayari kwenye kiti kabla hajabisha hodi. Mguu ukaanza kukubali, akawa anafika uani kwa fimbo. Ulimi ulikuwa mzito lakini tunamwelewa. Na hapo hapo, mwili ulipoanza kutupa moyo, yeye akazima. Saa tisa usiku yuko macho, kageukia ukutani. Redio aliyoisikiliza maisha yake yote akasema izimwe, inampigia kelele. Kijana wa mazoezi akija anaambiwa kesho.

Halafu kikaja chakula. Hamtanielewa nisipoeleza habari ya mkono wa kushoto. Sisi ni Waislamu wa pwani. Mkono wa kulia ndio wa kula, kupokea na kusalimiana, wa kushoto ni wa kujisafishia. Mtoto akipeleka wa kushoto kwenye sinia anaweza kuchapwa kofi hata na mgeni, na baba alitulea hivyo hivyo. Ijumaa moja limeletwa sinia la pilau, ami wako wawili, watoto pembeni. Baba akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, taratibu, wali unamdondokea kifuani. Mwanangu mdogo akasema kwa sauti, "Babu anakula na mkono wa chooni." Mama akamkemea. Baba akakilaza kijiko ukingoni mwa sinia, akasema ameshiba.

Toka siku ile hakukaa tena kwenye sinia. Akawa anakula chumbani, mlango umefungwa. Kisha akawa anakunywa chai tu. Mama akawa anakuta vidonge vya presha chini ya mto.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ami mkubwa alisema uzee umeingia na uvivu wake. Jirani alisema ni upepo, apelekwe akasomewe na kuzinguliwa. Wengine walimsihi azidishe subira, kana kwamba hana. Baba hajaacha swala hata moja, anaswali kwa kukaa, anatayamamu siku ambayo maji yanamshinda. Inaniuma bado kusikia mtu wa namna hiyo akiambiwa amepungukiwa imani. Usiku mmoja akamwambia mama, "Bora ningekwenda siku ile ile." Mama alinipigia simu analia.

Aliyetufungua macho ni kijana wa mazoezi. Alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, mzee hajagoma. Ana ugonjwa mwingine juu ya huu. Kliniki ya presha ikifika, mwambie daktari ukiwa naye hapo hapo, usimfiche." Nikafanya hivyo.

Daktari alisogeza kiti akakaa uso kwa uso na baba, akamwuliza yeye, si mimi. Ni maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: kama mambo uliyokuwa ukiyapenda bado yanakupendeza, kama una huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona huna maana, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, kuzubaa au kuhangaika kuliko kawaida, na mwisho, kama unawaza kuwa afadhali ufe. Kila swali lina alama kuanzia 0 mpaka 3. Baba alipata 17 kati ya 27, na daktari alisema kuanzia 10 hawezi kuliacha lipite. Lile la mwisho liliponifikia masikioni nilitaka kumzuia. Daktari akasema kumwuliza mgonjwa habari ya kufa hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Baba akaitikia kwa kichwa. Akaulizwa kama amepanga lolote, akasema hapana. Hata hivyo tuliagizwa dawa zote zikae kwa mama.

Tukaelezwa kuwa hii ni sonona, na kwamba karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi huipata wakati fulani, wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza. Mizizi yake ni miwili. Ubongo wenyewe umejeruhiwa, pamoja na njia zinazoendesha hisia, na mtu naye amepoteza kazi, heshima na mwili aliouzoea. Isipotibiwa, mgonjwa anaacha mazoezi, anaacha dawa, na hatari ya kufa inaongezeka. Nikauliza pia kuhusu kilio, maana baba alikuwa anaweza kuangua kilio tunapozungumzia bei ya sukari, kisha kikakatika ghafla. Hicho, daktari alisema, ni kitu kingine: ubongo umepoteza breki ya kilio, na machozi yanaweza kutoka bila huzuni yoyote. Msimkemee, na msimbembeleze kupita kiasi. Ngojeni kipite muendelee na mazungumzo.

Akaandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, ameze asubuhi. Muuza duka la dawa alikuwa ameshatupendekezea amitriptilini, dawa nyingine ya sonona ya zamani, daktari akaikataa kwa sababu ya moyo na kizunguzungu. Alitwambia tusitegemee kitu kwa wiki kadhaa, na tusitegemee kabisa kwamba itafungua mkono. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2018, wagonjwa zaidi ya 3,000, ulioonyesha kuwa dawa hii hairudishi nguvu za viungo, na waliomeza walivunjika mifupa zaidi. Kwa hiyo tuliondoa mkeka uliokuwa ukiteleza mlangoni pa choo na kumfungia ubao wa kushikilia ukutani. Na kwa kuwa anameza aspirini, tuangalie kama choo kinakuwa cheusi, maana dawa hizi mbili pamoja zinaweza kuleta kuvuja damu.

Habari ya mkono wa kushoto daktari hakuwa na dawa yake. Hiyo niliipeleka kwa imamu wetu. Alikuja baada ya Alasiri, akamsomea baba aya ya 61 ya Surat An-Nur, inayowaondolea lawama kipofu, kiwete na mgonjwa, na inayoendelea hapo hapo kuzungumzia kula majumbani mwa ndugu. Mwenye udhuru hana lawama, akamwambia. Kisha akaomba sinia liletwe, akakaa upande wa kushoto wa baba, wakala pamoja. Alimmegea samaki, akamtolea miiba, wala hakuharakisha. Mwanangu naye nilimkalisha nikamweleza kuwa mkono wa babu unaumwa, akaelewa upesi kuliko ami zangu.

Nafuu ilikuja kidogo kidogo, nami siwezi kusema ni kidonge, ni imamu au ni muda. Mazoezi yamerudi. Kijana aliyekuwa akimsaidia kibandani huleta magurudumu barazani, baba anakaa kwenye kiti, anatazama rimu ikizunguka na kuelekeza kwa ulimi wake mzito: "Hiyo. Robo. Basi, legeza ya jirani yake." Vidole vya kulia bado havishiki spana. Kuna siku anashinda kitandani, na siku hizo tunakaa naye bila kumhubiria.

Wenye mgonjwa ambaye kiharusi kimemchukulia usemi, maswali tisa hayatawafaa sana. Semeni nyinyi mnaolala naye nyumba moja: kama anageuza uso watu wakiingia, kama anasukuma sahani, kama halali. Muwaambie hayo kliniki ya presha hata msipoulizwa.

Baba sasa anataka kuacha dawa, anasema amepona. Daktari alishatuonya kuwa inaendelea miezi sita hivi baada ya nafuu, na haikatwi ghafla. Mama anampa mwenyewe kila asubuhi na kungoja ameze. Usingizi wa baba umeanza kukatika tena wiki hii, nimeuandika kwenye daftari la kliniki ili nisisahau kuutaja.