Siku moja maishani mwangu: zamu yangu kwenye nyumba salama

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri naamshwa na ufagio. Chelewa zinakwaruza mchanga, zinatulia, zinakwaruza tena. Nje bado giza. Natoka na tochi ya simu, namkuta Tausi (si jina lake) ameinama chini ya mwembe, nusu ya uwanja keshaimaliza.

"Shikamoo Anti," anasema, mgongo bado umeinama.

"Marahaba mwanangu."

Simnyang'anyi ufagio. Mwaka wangu wa kwanza kazini ningemnyang'anya na kumwambia arudi kulala, nikidhani namtendea wema. Lakini mtoto aliyezoea kupigwa kila akikutwa amelala, ukimnyang'anya ufagio anatetemeka, anajiuliza kakosa nini tena. Hilo nililijua kwa kukosea. Siku hizi najifunga kanga, nakaa kwenye ngazi, namsubiri amalize, halafu tunabandika chai pamoja. Hii ni wiki yake ya tisa hapa. Alipokuja alikuwa anaamka saa tisa.

Mimi ni mlezi wa zamu katika shirika linalohifadhi wasichana waliotolewa kwenye utumwa wa majumbani na ukatili, hapa Dar es Salaam. Nyumba ilipo sitaandika, na mwenye kazi kama yangu atanielewa. Watu wengi wakisikia usafirishaji haramu wa binadamu wanawaza makontena na mipaka ya nchi. Watoto ninaoishi nao wengi walikuja na basi la kawaida, mchana kweupe, na tiketi walikatiwa, kutoka Singida, Iringa, Dodoma, Tabora. Sheria ya mwaka 2008 haidai mtu avushwe mpaka. Kumchukua mtoto kijijini, kumsafirisha na kumweka mahali ili anyonywe kunatosha.

Tausi ana miaka 13. Alitolewa kijijini akiwa darasa la tano. Ahadi ilikuwa alee mtoto mmoja, jioni asome, na shilingi 30,000 kila mwezi zitumwe kwa bibi yake. Kusoma hakusoma, hela haikufika, na watoto aliokuta walikuwa wanne. Jirani mmoja ndiye aliyechoka kusikia kilio, akapiga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Mungu ambariki jirani yule.

Saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu: uji, kuoga, dawa za wawili, sare za watano wanaokwenda shule, kusuka nywele moja iliyofumuka usiku.

Saa mbili kamili tuko mahakamani. Gari la shirika limempeleka mtoto mwingine Muhimbili, kwa hiyo tumekuja na bajaji. Leo Tausi anatoa ushahidi. Kwa umri wake haapishwi, anaahidi tu mbele ya hakimu kusema ukweli na si uongo. Tumelifanyia mazoezi hilo peke yake. Maneno ya ushahidi hatumfundishi, ni yake mwenyewe. Kwenye benchi nasikia midomo yake: "Naahidi kusema ukweli, sitasema uongo. Naahidi kusema ukweli, sitasema uongo." Vidole vyake vinazungusha kifungo cha sweta kimoja hicho hicho.

Saa tatu. Saa nne. Kesi ya namna hii inaweza kusikilizwa faragha, lakini korido haina faragha. Ndugu wa mshtakiwa wamekaa benchi la pili, hatua sita kutoka kwetu. Nimeomba tupewe chumba cha kusubiria, nimejibiwa hakuna chumba. Nimegeuza mwili wangu ili Tausi awe upande wa ukuta, na hivyo ndivyo tulivyokaa mpaka kiuno kikaanza kuuma.

Kwenye saa tano hivi mama mmoja anakuja na soda na chipsi kwenye mfuko.

"Dada, za saa hizi. Mimi ni mdogo wake. Nimemletea mtoto chakula."

"Asante, ameshakula."

"Sisi hatukumwiba huyu. Bibi yake mwenyewe alimtoa kwa mdomo wake. Tulimtoa kwenye njaa. Leo dada yangu anaitwa mfanyabiashara wa watu! Tuyamalize kifamilia, dada. Laki tano ninayo, mtoto akaanze maisha."

Neno hilo, kwamba walimsaidia mtoto, nalisikia karibu kila kesi, na wengi wanaolisema wanaliamini. Ndiyo maana sheria imelifunga mlango mapema: kwa mtoto, ridhaa ya mzazi, ya mlezi, hata ya mtoto mwenyewe, si utetezi. Bibi aliridhia shule, hakuridhia mjukuu wake alale jikoni sakafuni. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini Tausi alikuwa anatazama jinsi nitakavyojibu, na mtoto aliyelelewa kwa kelele anatakiwa aone mtu mzima akikataa bila kelele.

"Dada yangu, jambo hili liko mbele ya hakimu. Mimi na wewe hatuna la kuzungumza. Naomba usogee."

Hakusogea. Akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. "Na wale watoto je? Yule mdogo anakohoa usiku kucha, anamwita Tausi, anamwita Tausi!"

Hapo ndipo nilipomwita askari, na nilikuwa nimechelewa. Tausi alikwishasikia. Yeye ndiye aliyembeba yule mdogo mgongoni miaka miwili. Akanivuta mkono, akaniuliza polepole, "Anti, sasa analala na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba kumkumbuka mtoto yule si kosa, wala hakumfanyi kuwa mwongo ndani ya mahakama. Naomba wasomaji mlielewe hili, maana ndilo linalotuchosha kuliko ripoti zote: watoto hawa mara nyingi wanatoka mahali palipowaumiza wakiwa wameacha mtu wanayempenda. Ukimlazimisha achukie nyumba nzima ndipo umwamini, utampoteza.

Saa saba na nusu karani anatoka. Hakimu ana udhuru, kesi imeahirishwa. Hii ni mara ya tatu. Tarehe mpya ni baada ya wiki tatu, na kwa wiki tatu zote hizo ataibeba ahadi ile kichwani. Nimesaini nilipotakiwa kusaini. Hasira niliyokuwa nayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Tulipanda daladala, tukapata siti ya nyuma dirishani. Nilipanga kumpigia afisa ustawi wa jamii wa wilaya yao, maana bibi ametafutwa na kupatikana na kuna taarifa ya nyumbani nasubiri. Nikashika simu, kisha nikahisi uzito begani. Tausi amelala. Mchana! Mdomo wazi, mkono umeachia kile kifungo. Katika wiki tisa sijawahi kumwona amelala jua likiwaka. Kituo chetu kikaja, konda akagonga bati, nikamwashiria aendelee. Tukaenda mpaka mwisho wa gari, nikalipa nauli ya kurudi bila kunyanyuka, na tukarudi vilevile. Simu sikupiga. Begani nilikuwa na ganzi.

Jioni ilikuwa ya kawaida: wawili waligombania ndoo, mmoja aligoma kula, madaftari, sala, taa.

Sasa ni saa nne na robo usiku, najaza kitabu cha zamu kabla ya kumkabidhi mwenzangu asubuhi. Mahakama: imeahirishwa. Ndugu wa mshtakiwa kutoa fedha: nimeeleza kwa kirefu, mwendesha mashtaka apewe taarifa kesho. Afisa ustawi: hajapigiwa. Halafu kwenye safu ya usingizi, ambayo kwa Tausi huwa naandika saa za kuamka tu, nimeandika: amelala mchana, kwenye gari, dakika hamsini.

Ufagio uko pale pale ukutani.