Siku ya 24

Hii ilikuwa 2019, nilikuwa nafanya kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza, jina naliacha, nilishamaliza miaka mitatu kwenye meza ya kufileti. Wanaoijua ile kazi wanaelewa, unasimama na gumbuti kwenye maji ya barafu tangu asubuhi, sangara wanakuja tu, unapasua, minofu inaenda huku, mapanki, ile mifupa na vichwa, yanaenda kule, mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki, yana mtu wake anayeyasimamia kwa macho mawili maana yale ni hela. Mkono wa kushoto, unaomshika samaki, tulikuwa tunapewa glavu ya chuma ile ya vipete vidogo vidogo. Yangu ilikuwa imetoboka kwenye kidole cha shahada muda mrefu, nikaripoti, nikaambiwa vumilia mpya zinakuja, nikaishona mwenyewe na uzi wa nailoni wa nyavu.

Mwezi wa saba kisu kikateleza kwenye mgongo wa samaki, kikapita palepale kwenye uzi. Maumivu sikuyasikia haraka maana mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, nilichoona ni barafu imekuwa nyekundu. Kano za vidole viwili zilikatika. Nikashonwa, nikapewa ED, ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, ikaongezwa, mshahara wa mwezi wa saba ukaja, wa mwezi wa nane haukuja.

Tarehe 2 Septemba, Jumatatu, nikarudi na karatasi ya daktari inasema nipewe kazi nyepesi. HR akaisoma akaniwekea karatasi nyingine mezani, imeshachapwa, inasema mimi kwa hiari yangu nimeacha kazi na sina madai, na bahasha ya laki moja juu yake. Nikamwambia naomba nikaisome nyumbani na kaka yangu. Akakasirika, akasema kama husaini basi chukua hii, ndo nikapewa barua ya kuachishwa, mistari minne, "kushindwa kumudu majukumu". Nilitoka pale getini mkono umening'inia kwenye kitambaa na sikulia mpaka nilipofika kwenye daladala.

Nyumbani kila mtu na lake. Mama akasema mayu mwachie Mungu, hawa wana hela huwawezi. Shemeji anataka twende polisi. Mimi nikawa na wazo moja tu, kwamba kwanza nipone, mkono ukikaa sawa ndo nianze kudai. Hilo wazo lilinigharimu wiki tatu nzima nimekaa ndani nafanya mazoezi ya kukunja vidole kwenye maji ya uvuguvugu, na kidogo liniharibie kila kitu.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa mtaa wetu, msaidizi wa kisheria, alikuja kumsalimia mama tu. Akaniuliza barua ina tarehe ngapi. Hakuuliza mkono unaendeleaje, aliuliza tarehe. Nikamletea, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole, akasema leo ni siku ya 24, una siku sita, baada ya hapo inabidi uanze kuwaomba wakupokee ukiwa umechelewa na wanaweza kukataa. Kumbe kupinga kuachishwa kazi unapeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na hizo siku hazisubiri mtu apone.

Akanifafanulia kitu ambacho nilikuwa nimekichanganya kabisa. Hizi ni njia mbili. Kuumia ni habari ya WCF, mfuko wa fidia, mwajiri ndo anachangia na ndo anatakiwa kuripoti ajali, na wewe una miezi 12 ya kudai, wala hudaiwi kuthibitisha bosi alikosea. Kufukuzwa ni habari ya CMA. Ukienda huku haimaanishi umeacha kule. Na ile karatasi ya hiari, akasema, ungesaini tungekuwa tunaongea mengine saa hizi.

Kesho yake tukajaza fomu namba moja ya CMA. Hailipiwi, ila lazima nakala umfikishie mwajiri na apokee kwa sahihi. Hapo getini kwa kiwanda nilisimama masaa mawili juani. Mlinzi, mtu niliyekuwa namsalimia kila asubuhi miaka yote ile, hakuniangalia usoni, akasema ameambiwa asipokee kitu. Yule dada akamwambia kwa upole kaka, andika tu umekataa na uweke jina lako. Akaingia ndani, dakika kumi, nakala ikarudi na muhuri. Jumatatu ya tarehe 30 nikaiwasilisha.

Kwenye usuluhishi HR alikuja na maneno ya uzembe, eti nilichezea kisu. Mimi nilikuwa na picha ya glavu, binti wa meza ya jirani aliipiga siku ileile na simu, uzi wa nailoni unaonekana na damu. Ila kilichowamaliza haikuwa picha. Msuluhishi aliuliza swali moja, huyu ameumia kwenu, sheria inawataka mjitahidi zaidi kumtafutia nafasi, mlimtafutia kazi gani? Kimya. Mimi nikawa nazihesabu kichwani, kuna mtu wa mizani, kuna wa kubandika lebo, kuna wa kuhesabu kreti, zote unafanya kwa mkono mmoja. Sikusema. Aliandika tu.

Tulikubaliana mishahara ya miezi minane, notisi, likizo, kiinua mgongo na cheti cha utumishi. Ningekataa kupatana, nikaenda kwenye hatua ya uamuzi na nikashinda, fidia ilikuwa haishuki miezi 12, nililijua hilo, ila nilikuwa na kodi ya miezi mitatu na watoto wawili shule, sijutii. WCF ilichukua muda zaidi maana ajali haikuwa imeripotiwa kabisa, tukaanza fomu upya, daktari akapima asilimia ya ulemavu, hela ikaja.

Kidole cha shahada hakikunji mpaka leo. Sasa nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, mkono wa kulia ndo unachota, wa kushoto unashikilia mfuko. Mwaka juzi yule binti wa picha akanipigia usiku, analia, mdogo wake kaumia kiwanda kingine na wamemtoa. Nikamwambia subiri kwanza mdogo wangu, nenda kaiangalie barua, ina tarehe ngapi.