Jioni ya Mkono wa Kushoto

Februari 2013 nilikuwa na miezi mitano Moscow, nikisoma Kirusi kabla ya kuanza masomo ya uhandisi, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa plasta gumu kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko. Nilianguka nje ya bweni nikiwa nimebeba mkate na maziwa. Utelezi wa matope ya masika kule Marangu naujua tangu utotoni. Barafu nilikuwa siijui.

Daktari alisema wiki sita. Mimi niliviangalia vile vidole viwili vya mwisho vilivyochungulia kwenye plasta, vimekufa ganzi, na kila usiku nilivigusa kimoja kimoja kwa mkono mzima kuona kama vimeamka. Tangu kidato cha pili nilikuwa mpiga kinanda wa usharika wetu. Sikuwa nimesomea, nilifundishwa na mwalimu wa kwaya aliyetuandikia do-re-mi ubaoni, nikajua kwamba mkono wa kulia ndio unaobeba sauti ya kwanza na ya pili, wa kushoto unabeba ya tatu na ya nne. Ule wa kulia ndio watu wanaousikia. Mama alipopiga simu nilimwambia baridi ni kali, nikaishia hapo.

Siku moja mwalimu wetu wa Kirusi, mama wa makamo tuliyemwita kwa jina lake na la baba yake kama ilivyo desturi yao, alituuliza kila mmoja anapenda kufanya nini. Zamu yangu ilipofika nikajibu: "Nilikuwa napiga kinanda." Hakunisahihisha. Alilitazama lile plasta, akaendelea na mwingine. Ijumaa aliniambia nivae vizuri kesho yake saa kumi, tuna mahali pa kwenda.

Alinipeleka nyumbani kwa Alexander Scriabin. Ni kwenye mtaa mdogo unaochepuka kutoka mtaa wa Arbat, karibu na ukumbi wa maigizo wa Vakhtangov. Mtunzi huyo wa muziki alipanga humo mwaka 1912, akafia humo humo Aprili 1915, na tangu 1922 ni makumbusho. Mlangoni tulivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu ili theluji isichafue sakafu. Ndani mna giza la upole, samani za mbao, na piano yake kubwa ya Bechstein. Chumbani alikaa bibi mmoja mlinzi, shali begani. Aliponiona aliniita "synok", yaani mwanangu, kisha akaunyooshea kidole mkono wangu.

"Naye alianza na huo huo," akasema.

Alisimulia taratibu ili nimfuate, na mwalimu akanisaidia palipokuwa pagumu. Scriabin alizaliwa Moscow, siku ya Krismasi ya kalenda yao ya zamani, mwaka 1871. Mama yake, mpiga piano, alifariki mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Akalelewa na shangazi na bibi. Viganja vyake vilikuwa vidogo. Na kwa mwalimu wake Zverev, kisha kwenye Konservatori ya Moscow, yaani chuo cha muziki, alisoma pamoja na Rachmaninoff, naye mpiga piano na mtunzi, mtu mwenye vidole virefu vya kutisha. Kiangazi cha 1891, akitaka kumfikia mpiga piano mwenzake Josef Lhévinne, alijifungia na vipande viwili vya piano vigumu kupindukia, kimoja cha mtunzi Liszt na kingine cha mtunzi Balakirev, akavipiga mpaka mkono wa kulia ukaharibika. Madaktari walikata tamaa. Alikuwa na miaka 19.

Hapo nilikaa. Kulikuwa na kiti na sijui kama kiliruhusiwa kukaliwa, lakini bibi hakusema kitu.

Aliandika sonata yake ya kwanza, kazi ndefu ya piano, katika machungu hayo, na inaishia kwa maandamano ya mazishi. Lakini pia aliufanyisha kazi mkono wa kushoto, na mwaka 1894 akautungia vipande viwili, Preludi, yaani kipande kifupi, na Nokturni, yaani muziki wa usiku. Mkono wa kulia ulikuja kupona, akazunguka Ulaya akipiga kazi zake mwenyewe, akafundisha Konservatori ile ile. Mambo ya baadaye, ndoto zake za muziki unaoambatana na mwanga wa rangi, bibi aliyapitia haraka, ila alituwashia kile kifaa cha duara la mbao chenye taa ndogo za rangi. Na kifo chake: jipu mdomoni, sumu ikaingia kwenye damu, akafa na miaka 43. Rachmaninoff akazunguka Urusi akipiga kazi za Scriabin tu.

Kisha tukaingia kwenye ukumbi mdogo wa tamasha. Sikuwa nimeambiwa kitapigwa nini. Kijana mmoja, pengine rika langu, aliketi kwenye piano, akauweka mkono wa kulia gotini, akauacha hapo.

Preludi ilinipita kwa mshangao, nikimtazama tu. Nokturni ndiyo niliyoisikia. Nilifumba macho nihesabu sauti kama tulivyofundishwa, na sauti ya kwanza ilikuwepo, ikiimba juu, tulivu, huku besi ikinguruma mbali chini yake. Nikafumbua macho: kiganja ni kimoja. Kinagusa besi chini kabisa, mguu unaishikilia kwa pedali isife, na kabla haijafifia kiganja kimesharuka juu, na kidole gumba ndicho kinachoimba. Kidole gumba cha kushoto! Miaka yote ile kanisani sikuwahi kukipa wimbo.

Nililia, na sikuona haya. Mwalimu hakunigeukia. Alinipa leso tu, macho yake yakiwa kwenye piano.

Bwenini chini kulikuwa na piano kuukuu ya ukutani. Nilirudi nikaikalia na koti langu, nikatafuta wimbo wa jioni tulioimba nyumbani, kidole gumba juu, vingine chini. Besi ilinishinda; kila niliporuka kuifuata, wimbo ulikatika. Jirani yangu wa chumba, Mrundi wa Bujumbura, alikuwa akipanda ngazi na sufuria lake. Alisimama, akausikiliza ubeti mzima, kisha bila kuuliza akaanza kuimba ile sauti ya nne.

Saa nne usiku nikampigia mama. Kwetu ilikuwa saa tatu.

"Mama, niliumia mkono. Mwezi uliopita."

Akanyamaza. Nikasikia redio ikizimwa.

"Upi?" akauliza.